Si utabiri wala si gundi: Kiswahili cha saratani ya matiti kitazamwe upya

MWEZI jana shemeji yangu, mjane wa kaka yangu mkubwa, alikuja nyumbani na karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Aliziweka mezani kabla hata ya kuketi.

"Shemeji, wewe si ndiye profesa wa Kiswahili? Nisomee hii uniambie kama hawa ni madaktari ama ni waganga. Wanasema wanataka kunitabiria."

Karatasi zenyewe zilikuwa maelezo ya utafiti pamoja na fomu ya ridhaa. Shemeji alifanyiwa upasuaji wa titi mapema mwaka huu, na hospitali iliyomtibu, ambayo sitaitaja, ilikuwa ikiomba ruhusa ya kutumia kipande cha uvimbe wake kilichohifadhiwa maabarani. Watafiti walitaka kuchunguza kama molekuli fulani, zile zinazozishikanisha seli za mwili, zinaweza kuwa viashiria vya namna saratani ya matiti itakavyoendelea baada ya matibabu. Hilo ndilo lililokuwa lengo. Kiswahili cha karatasi hakikusema hivyo. Kilisema kwamba itapimwa "gundi ya seli", kwamba gundi hiyo ikipungua saratani huenea, na kwamba kipimo hicho ni "alama ya utabiri" itakayoonyesha "maisha yako yatakavyokuwa".

Katika safu hii nimewahi kuzilalamikia tafsiri za mabango ya barabarani, za matangazo ya benki na za maagizo yanayobandikwa kwenye chupa za dawa ya kuua wadudu. Nyingi ya hizo huudhi tu, msomaji akacheka na kupita. Hii ilimnyima mtu usingizi kwa siku nne. Ndiyo maana leo ninaihakiki kama ambavyo ningehakiki kitabu, ingawa ni kurasa mbili.

Niseme mapema kwamba udaktari wangu ni wa vitabu. Sijawahi kumdunga mtu sindano. Kwa hivyo niliomba nakala ya Kiingereza, nikaipata, nikakaa nayo pamoja na mwenzangu wa patholojia tuliyefundisha naye chuo kimoja kwa miaka mingi. Nitakayosema kuhusu seli nimeyachuja kwake. Kuhusu lugha, lawama zote ni zangu.

Tuanze na haki ya mfasiri. Kazi yake haikuwa mbaya yote. Aliandika "titi" na "uvimbe" bila kuona haya, wala hakujificha nyuma ya "sehemu nyeti". Alisema "kipande kidogo cha nyama kilichotolewa wakati wa upasuaji", maneno ambayo mama yeyote sokoni atayaelewa, pale ambapo wengine wangetuletea istilahi ndefu ya kuvunja meno. Alitumia "saratani" kote badala ya kurukaruka kati yake na "kansa". (Maneno hayo mawili ni ndugu kuliko watu wanavyodhani. Moja limetoka Kiarabu, jingine Kilatini kwa njia ya Kiingereza, na yote mawili maana yake ya asili ni kaa, yule mdudu wa pwani mwenye miguu mingi. Wagiriki wa zama za Hippocrates nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa.) Neno "seli" pia ni sahihi, japo kwa Mkenya wa kawaida seli ni mahali polisi wanapomlaza mtu. Shemeji aliposoma kwamba seli "hutoroka", alicheka kwa mara ya kwanza jioni ile.

Tatizo la kwanza ni utabiri.

Kiingereza kina neno la kitabibu linalotokana na Kigiriki, ambalo sehemu zake mbili ni "kabla" na "kujua". Daktari analitumia kwa jambo moja: makisio ya ugonjwa utakavyokwenda, kwa kuzingatia yaliyoonekana kwa wagonjwa wengi waliotangulia. Mfasiri alipokutana nalo alishika neno la karibu. Lakini kila neno hufika na jamaa zake. Kutabiri ni kitenzi tulichokipata kutoka Kiarabu, ambako kilihusu hasa kufasiri ndoto. Ukimwomba Mswahili akupe visawe vyake, atakupa kubashiri na kuagua, na kuagua kutamleta mganga na bao lake la ramli. Fungua gazeti na utaona utabiri wa nyota. Washa redio na utasikia vijana wakihimizwa kubashiri mechi na kushinda mamilioni. Nenda kwenye mkutano wa injili na huko pia yuko anayetabiri, na anayetabiriwa huambiwa apokee. Shemeji yangu ni mama wa kanisa na amekuwa katika mikutano hiyo. Neno hilo kwake lina uzito ambao maabara haikukusudia: kilichotabiriwa kimeshaamuliwa, kilichobaki ni kungoja.

Najua nitaambiwa kwamba sote husema "utabiri wa hali ya hewa" na hakuna anayekimbia kanisani. Kweli. Ila tazama utabiri huo unahusu nini. Unahusu kaunti nzima, unahusu kesho, na kesho kutwa tunausahihisha. Hakuna mtu anayeletewa utabiri wa hewa ulioandikwa jina lake. Karatasi ya shemeji iliandika "maisha yako". Hapo ndipo kosa la neno lilipozaa kosa la sarufi, kwa sababu kimilikishi cha nafsi ya pili kiligeuza hesabu ya umati kuwa hukumu ya mtu mmoja. Kiashiria cha aina hii, hata kikiwa imara, husema kwamba kati ya wanawake wengi wenye sifa fulani, wachache au wengi watarudiwa na ugonjwa ndani ya miaka kadhaa. Hakisemi huyu aliyekaa mbele yangu ni wa kundi gani. Nakala ya Kiingereza ilizungumzia wagonjwa, kwa wingi. Haikuwa na "yako" popote katika sentensi hiyo.

Na kuna jambo dogo zaidi, silabi chache tu, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Nakala ya Kiingereza ilisema molekuli hizo ni viashiria *vinavyoweza kuwa*. Yaani bado vinachunguzwa. Mfasiri aliandika kwamba gundi ikipungua saratani "huenea". Kiambishi hu- katika Kiswahili ni cha mazoea, cha kanuni: jua huchomoza mashariki, simba hula nyama. Ukitaka kusema jambo halijathibitika, lugha imekupa "huenda", imekupa "-weza", imekupa "yamkini", imekupa "pengine". Utajiri wote huo aliuacha kabatini. Utafiti mzima ulikuwa swali, na tafsiri ikaugeuza kuwa jibu.

Swali hilo si dogo, tena lina historia ya kuwaumbua wenye haraka. Watafiti wamezifuata molekuli hizi kwa miongo kadhaa, huyu akipata kwamba zinaonyesha mwendo wa ugonjwa, yule akakosa, kwa sababu vipimo vilitofautiana na idadi ya wagonjwa mara nyingi ilikuwa ndogo. Hali ilikuwa hivyo kwa viashiria vya saratani kwa jumla, hata mwaka 2005 kundi la wataalamu wa kimataifa likachapisha mwongozo uitwao REMARK, unaoeleza mambo ambayo mtafiti wa viashiria hivi sharti ayaweke wazi katika ripoti yake. Katika saratani ya matiti, vipimo ambavyo madaktari huviegemea kila siku bado ni vile vya zamani: ukubwa wa uvimbe, kama tezi za kwapani zimefikiwa, vipokezi vya homoni, na protini iitwayo HER2.

Hiyo HER2 ndiyo inayonifanya nilikatae neno utabiri kwa moyo wote. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba wanawake ambao uvimbe wao ulikuwa na nakala nyingi za jeni ya HER2 walirudiwa na ugonjwa mapema zaidi na kufa mapema zaidi. Ilikuwa habari mbaya tupu. Lakini protini hiyo hiyo ikageuka shabaha ya dawa, trastuzumab, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Tangu hapo, daktari anayeona HER2 nyingi anaona pia mlango wa matibabu ambao mgonjwa mwingine hana. Sasa niambie, msomaji: ikiwa mwaka 1987 tungeliita jambo lile utabiri, mwaka 1998 tungeliitaje? Utabiri uliotanguka? Kiashiria hakikubadilika. Kilichobadilika ni tunachoweza kukifanya baada ya kukiona.

Hapo pana mtego mwingine, nao Waingereza wenyewe huteleza. Wao wana maneno mawili yanayofanana: moja la kipimo kinachoonyesha mwendo wa ugonjwa, jingine la kipimo kinachoonyesha kama dawa fulani itamfaa mgonjwa. Vipokezi vya estrojeni, kwa mfano, humwambia daktari kama tamoxifen ina maana yoyote kwa mgonjwa huyu. Ukiyatafsiri yote mawili kuwa "utabiri", umezika tofauti ambayo mgonjwa anaihitaji kuliko mtu yeyote. Swali la kwanza ni "ugonjwa huu ni mkali kiasi gani?" La pili ni "nitumie dawa gani?" Mgonjwa aliye macho huanza na la pili.

Mimi ningependekeza kitenzi ambacho mafundi wetu wanakitumia kila siku: kukadiria. Fundi hukadiria mifuko ya saruji, mkulima hukadiria magunia kabla ya mavuno, na wote wawili wanajua hesabu itarekebishwa. Kina undugu na "kadari", ndiyo, nayo ni majaaliwa. Lakini katika matumizi kimeshuka kutoka mbinguni kikavaa aproni. Basi tuseme "viashiria vya kukadiria mwendo wa ugonjwa". Ni refu, nakubali. Istilahi ya mkutano wa wanasayansi inaweza kufupishwa. Fomu ya mama anayeombwa sahihi haihitaji istilahi, inahitaji kueleweka.

Sasa gundi. Hapa nitakawia kidogo, maana kosa lenyewe ni zuri. Limetokana na jitihada ya kurahisisha, na mimi huwaheshimu wanaorahisisha.

Seli za titi, kama za ngozi na za utumbo, hukaa pamoja kwa kushikwa na molekuli zinazochomoza juu ya utando wa kila seli. Maarufu zaidi ni kundi la kadherini. Mjapani Masatoshi Takeichi ndiye aliyezigundua, akazipa jina hilo katika miaka ya 1980 kwa kuunganisha kalsiamu na neno la kushikana, kwa kuwa aliona kwamba kalsiamu ikiondolewa seli huachana. Ile inayohusika na titi ni E-kadherini. Inafanyaje kazi? E-kadherini ya seli hii inachomoza, ya seli jirani inachomoza, zinakutana katikati, na moja inaishika nyingine ya aina ile ile. Ni mikono miwili, hakuna kitu cha tatu kilichopakwa kati yao.

Gundi ni kitu cha tatu. Gundi hunata hata ikiwa peke yake chupani. Ulimbo hunata ndege asipotua. Kunata ni sifa ya kitu kimoja. Kushikana ni tendo la wawili, na Kiswahili kimetupa kiambishi -an- cha kutendana kwa ajili hiyo hasa. Si kila lugha inaweza kuingiza biolojia ndani ya kitenzi kwa silabi moja. Molekuli "za kushikana" ingetosha, na mwanafunzi wa Kidato cha Pili angejua bila kuambiwa kwamba mkono mmoja ukikatwa, wa pili hauna wa kumshika.

Basi je, ni kweli kwamba zikipungua, saratani huenea? Wakati mwingine. Kuna aina ya saratani inayohusishwa na vijitezi vya maziwa, kama asilimia 10 hadi 15 ya saratani za matiti zinazopenya nje ya mahali zilipoanzia, ambayo kwa kawaida huwa imepoteza E-kadherini. Seli zake hazikusanyiki donge. Hupita moja moja kwa mstari kama siafu, na ndiyo maana hata mkono na picha ya eksirei huweza kuikosa. Mwanapatholojia hutumia kukosekana kwa E-kadherini ili kuitambua *aina*. Lakini kutambua aina si kukadiria mwendo. Wanawake wenye aina hii si kwamba wote hufanya vibaya kuliko wengine. Katika miaka ya mwanzo matokeo yao mara nyingi hukaribiana na ya wengine.

Kisha kuna kinyume chake. Ipo saratani ya matiti ambayo titi zima huvimba, likapata joto, ngozi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa. Ni miongoni mwa zile kali kabisa. Na mara nyingi E-kadherini yake ipo, tena kwa wingi. Seli zake husafiri ndani ya mishipa ya limfu kwa mafungu, zimeshikana. Mama mwenye saratani hiyo akisoma kwamba gundi ikiwapo hakuna kuenea, amedanganywa kwa maandishi yenye muhuri.

Hata seli iliyojitenga haiwezi kuishi ikielea milele. Ili iote kwenye mfupa au mapafu ni lazima ishike kitu. Inazo integrini, zinazoiwezesha kujishikiza kwenye nyuzi na utando ulio nje ya seli. Na kuna selektini kwenye kuta za mishipa ya damu, ambazo kazi yake halali ni kunasa chembechembe nyeupe zinazokimbilia penye jeraha, lakini seli za saratani nazo zinaweza kuzitumia kama kituo cha kushukia. Kwa hiyo kuachia ni hatari na kushika pia ni hatari, inategemea wapi na lini. Tazama tena tulivyo matajiri: seli na seli *hushikana*, seli *hujishikiza* kwenye utando, mshipa *hunasa* kinachopita. Kiingereza kimeyafunga yote hayo katika neno moja, na mfasiri wetu, aliyekuwa na matatu mkononi, akalifuata neno moja la mwenzake.

Sipingi sitiari. Mwaka 1889 Stephen Paget, daktari mpasuaji wa London, alipitia kumbukumbu za uchunguzi wa maiti 735 za wanawake waliokufa kwa saratani ya matiti, akajiuliza kwa nini ugonjwa unapenda ini na mifupa kuliko viungo vingine. Alijibu kwa sitiari ya mbegu na udongo: mbegu hupeperushwa kila upande, lakini huota pale tu udongo unapoikubali. Zaidi ya karne imepita na watafiti bado wanaitumia. Imedumu kwa sababu ina sehemu mbili, na kila moja inaweza kuulizwa maswali. Gundi haina la kuulizwa zaidi ya ipo au imekwisha.

Nilimuuliza mwenzangu wa patholojia karatasi hii ilipitaje. Akanieleza kuhusu tafsiri rejeshi: Kiswahili hurudishwa katika Kiingereza na mtu mwingine, kisha nakala mbili za Kiingereza hulinganishwa. Utaratibu mzuri, nami huufundisha. Lakini angalia unavyofeli hapa. "Utabiri" ukirudishwa Kiingereza unatoa neno safi kabisa ambalo hakuna kamati itakayolitilia shaka. "Gundi ya seli" inarudi vizuri vilevile. Ramli, nyota na mikutano ya injili havivuki mpaka. Vinabaki upande wetu, kwa msomaji. Nani basi alimpa mama mmoja mgonjwa karatasi hii aisome kwa sauti, kisha akamuuliza ameelewa nini? Mwenzangu alinitazama tu. Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi kuliko saratani nyingine yoyote nchini, kwa hiyo fomu kama hizi zitaendelea kuandikwa, na wa kuzisomewa wapo.

Jioni ile tulikaa na shemeji hadi saa nne usiku. Nilimsomea sentensi moja moja, nikafuta kwa kalamu nyekundu na kuandika pambizoni, kama ninavyofanya kwa wanafunzi wa uzamili. Nilipofika penye "maisha yako" na kuikata "yako", alinishika mkono.

"Kwa hivyo hawajui lini?"

Nikamwambia hawajui, na hawajasema wanajua; aliyesema ni karatasi.

Alinyamaza kidogo, akaomba chai. Kisha akasema hana neno, wachukue hicho kipande, yeye kimeshamtoka. Ila kabla ya kutia sahihi angependa kuwauliza kitu kimoja: wakishapima, majibu yake wataletewa wenyewe ama yatabaki kwao?

Niliirudia karatasi kutoka juu hadi chini, kisha nikaitoa ile ya Kiingereza mkobani nikaisoma pia. Jibu halikuwamo katika yoyote kati ya hizo mbili.